Jina la mtoto kutoka ngano za Italia: someni hadithi kabla ya kuandika cheti

Dada mmoja wa Malindi ameniandikia hivi: "Mume wangu ni Mtaliano wa Napoli. Natarajia kujifungua mwezi wa tatu, na hatujataka kujua kama ni wa kike au wa kiume. Mume wangu anataka jina la Kitaliano lenye asili ya hadithi za kale, lisiwe la katuni za televisheni. Mavyaa wangu anadai jina lake, na kwetu Ugiriamani bibi naye anangoja jina lake limrudie mjukuu. Naomba unitajie majina, na uniambie hadithi zenyewe zinasemaje, maana sitaki kumpa mwanangu jina nisilolijua."

Dada yangu, Mungu akujalie ujifungue salama. Nitaanza na hilo la mwisho ulilosema. Orodha za majina zinazozunguka mitandaoni hutaja jina na maana yake, kisha zikanyamaza kuhusu yaliyompata mwenye jina ndani ya hadithi. Ngano za Italia si laini. Zilisimuliwa na watu wazima kwa watu wazima, na ndani yake mna damu, wivu, njaa na akina mama wa kambo wanaovunjwa shingo. Anayechukua jina bila kuisoma hadithi anaweza kumbebesha mtoto mzigo asioujua.

Kwa kuwa shemeji ni wa Napoli, tuanzie kwao, na bahati nzuri kwao ndiko kwenye hazina. Kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza Ulaya kilichojaa ngano tupu kutoka mwanzo hadi mwisho kilitoka Napoli, tena kwa Kinapoli chenyewe: Lo cunto de li cunti, yaani hadithi ya hadithi, cha Giambattista Basile. Basile alifariki mwaka 1632, na dada yake Adriana, mwimbaji aliyesifika sana enzi hizo, ndiye aliyehakikisha kazi ya kaka yake inachapishwa, kati ya 1634 na 1636. Zimo hadithi 50 ukihesabu ile inayozibeba zote: wanawake kumi wanasimulia kwa siku tano, kila mmoja hadithi moja kwa siku. Waswahili wengi wanaijua Cinderella kwa kupitia Waingereza, lakini binti huyo alikuwa Napoli zaidi ya miaka 60 kabla ya Mfaransa Perrault kumwandika mwaka 1697. Jina lake huko ni Zezolla.

Zezolla si yule binti mpole anayelia jikoni akisubiri kuokolewa. Anamchukia mama yake wa kambo, na mwalimu wake wa kushona anamnong'oneza la kufanya. Siku moja anamwomba mama wa kambo amtafutie nguo kuukuu ndani ya kasha kubwa. Mama anainama, kichwa kimo ndani ya kasha, Zezolla ameshikilia kifuniko. Anakiachia, na shingo inavunjika. Mwalimu anaolewa na baba, kisha anawaleta mabinti zake sita aliokuwa amewaficha, na Zezolla anatupwa majivuni. Anachokipata kumtoa huko ni mtende. Baba yake anautoa kwa jini mwema wa kike wa Sardinia, pamoja na jembe la dhahabu, ndoo ya dhahabu na kitambaa cha hariri. Zezolla anaulimia, anaumwagilia maji na kuupangusa majani kwa hariri, na kwa siku nne mtende unafikia kimo cha mwanamke, ndipo ndani yake anatoka jini mwema wa kumvika nguo za kwendea karamuni. Hadithi ya Sisilia inayofanana na hii nayo ina tende, na binti wa huko anaitwa Ninetta. Mtu wa pwani akisikia mtende umo ndani ya Cinderella ya Napoli haoni ugeni wowote.

Sasa sikiliza jambo litakalokupunguzia mvutano wa hayo majina matatu. Zezolla halikuwa jina la kuandikwa kanisani. Ni jina la nyumbani la Lucrezia: Lucrezia akiitwa kwa mapenzi huwa Zeza, na Zeza mdogo huwa Zezolla. Karibu majina yote matamu ya ngano hizi yako hivyo. Jennariello ni Gennaro aliyedekezwa. Luciella ni Lucia, Porziella ni Porzia, Renza ni Lorenza. Giovannin, yule kijana asiyeogopa kitu, ni Giovanni. Wasimulizi hawakubuni majina ya ajabu kwa mashujaa wao. Waliwaita kama walivyowaita watoto wa jirani.

Kwa hiyo msitafute jina moja la kumridhisha kila mtu. Andikeni kwenye cheti jina kamili linaloheshimika, na lile la ngano liwe la nyumbani, la kuitiwa chakula na kubembelezewa usingizi. Wewe Mgiriama huhitaji kufafanuliwa hili, kwenu mtoto mmoja ana jina la shule na jina la bibi, na hakuna anayechanganyikiwa. Napoli nako wana desturi ya kuwaita wajukuu kwa majina ya babu na bibi, hasa wa upande wa baba, na kwa lugha yao wanaiita supponta, nguzo ya kuegemeza. Mavyaa wako anapodai jina lake hakuonei. Anasema kile kile anachosema bibi yako Ugiriamani. Ningekushauri uwaambie wote wawili hivyo, kwamba wanadai jambo moja.

Kabla sijakupa ninayoyapenda, kuna mawili ninayotaka uyajue vizuri, maana ndiyo yanayopendekezwa kila mahali.

La kwanza ni Talia, Mrembo Alalaye wa Basile. Jina lenyewe ni zuri mno, asili yake ni Ugiriki, ni la kuchanua, na ulimi wa Mswahili haukwami hata kidogo. Lakini hadithi yake hii hapa. Talia anachomwa kidoleni na kijiti cha kitani, analala kama maiti. Mfalme anayewinda anaingia kwenye nyumba hiyo, anamkuta amelala fofofo, anamwingilia bila yeye kujua, kisha anaondoka. Talia anajifungua mapacha akiwa bado usingizini, na anaamka pale mtoto mmoja anapokosa ziwa, akamnyonya kidole na kukitoa kile kijiti. Mapacha wanaitwa Sole na Luna, Jua na Mwezi. Mke wa mfalme anaagiza watoto wapikwe, na mpishi mwenye huruma anawaficha na kupika mbuzi badala yao. Mimi nisingempa binti yangu jina hilo kwa ajili ya hadithi hiyo. Ukilipenda kwa sauti yake, lichukue, ila siku akiwa na miaka kumi na miwili akajisomea mwenyewe, uwe na la kumwambia.

La pili ni Lucia, na hapa nitasema wazi kwa sababu mwanao atakuwa na damu ya Kiafrika. Katika hadithi inayozibeba zote za Basile, binti mfalme Zoza anatakiwa ajaze mtungi kwa machozi ndani ya siku tatu ili amfufue Tadeo, mwana wa mfalme. Amebakiza kidogo tu, usingizi unamchukua. Mtumwa mweusi aitwaye Lucia anauchukua mtungi, anamalizia kuujaza, anamwamsha Tadeo na kuolewa naye. Basile anamchora kama mwizi wa bahati ya mwenzake, anamfanya aongee Kinapoli kibovu ili watu wacheke, na mwisho Tadeo anaamuru azikwe hai akiwa na mimba, kichwa peke yake kikiwa nje ya udongo. Katika hadithi nyingine ya kitabu hicho hicho, ile ya malimau matatu, yumo tena mtumwa mweusi, tena anaitwa Lucia. Napoli ya wakati ule ilikuwa na watumwa kutoka Afrika, na kicheko hicho kilikuwa kicheko juu ya watu wa kweli. Binti yako asipewe jina kutoka ukurasa ule.

Hata hivyo sitaki ulikimbie jina lenyewe, maana Lucia ana hadithi nyingine, ya watoto, na hiyo ni safi. Mtakatifu Lucia wa Siracusa, aliyeuawa mwaka 304, ndiye anayewaletea watoto zawadi katika miji ya kaskazini kama Bergamo, Brescia na Verona usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba. Anakuja na punda. Watoto humwachia punda majani au unga na maji, na mtakatifu naye wanamwekea biskuti na maziwa, kisha wanakimbilia kulala, kwa kuwa haifai kumwona. Jina linatokana na nuru. Bibi yako atalitamka "Lusia" na Waitaliano watalitamka "Luchia", na mtoto ataitika kote. Mkilichagua, chagueni kwa ajili ya huyu.

Sasa kwa msichana, ningekupa Viola kwa moyo mkunjufu. Hadithi ya Basile inamtaja baba mwenye mabinti watatu, Rosa, Garofana na Viola, wote kwa majina ya maua, kama sisi tunavyowaita Waridi na Asumini. Mdogo ndiye mzuri zaidi na ndiye mwenye akili. Mwana wa mfalme hupita kila siku chini ya nyumba yao, anavua kofia, anasema habari za asubuhi, Viola. Na Viola kila siku anamjibu kwa adabu, kisha anaongeza kwamba anajua kuliko yeye mwana wa mfalme. Dada zake wanamwonea haya, wanaogopa baba ataadhibiwa. Baba anampeleka kwa shangazi, naye shangazi anaandaa mtego ili kijana ampate peke yake. Viola anauruka mtego, anakimbia, na kijana anabaki mikono mitupu. Michezo ya kutegana inaendelea mpaka kijana mwenyewe anakiri kwamba kweli, Viola anajua zaidi, ndipo anamwoa. Hakuna usingizi wa miaka mia. Binti anashinda kwa kichwa chake. Jina lenyewe linaandikwa kwa herufi ambazo kila mtoto wa Malindi anazijua, na Italia ya leo wako akina Viola wengi, kwa hiyo hataonekana kama aliyetoka jumba la makumbusho. Angalizo moja: walimu wa Kenya waliozoea Kiingereza watamwita "Vaiola". Wasahihishe mapema, siku ya kwanza ya chekechea.

Lisa ni jina lingine jepesi, na hadithi yake ni ya huzuni yenye mwisho mzuri. Ni Snow White ya Basile. Lisa analala ndani ya makasha saba ya kioo kwa sababu ya kitana kilichonasa kwenye nywele zake. Mke wa mjomba wake anamtoa kwa wivu, kitana kinadondoka, Lisa anaamka, na yule mwanamke anamgeuza mtumwa wa nyumbani, amevaa matambara, uso umevimba kwa kipigo. Mjomba asiyemtambua anakwenda sokoni na kuuliza kila mtu nyumbani anataka nini. Lisa anaomba mwanasesere, kisu na jiwe la kunolea. Akizipata, anajifungia jikoni na kumweleza yule mwanasesere maisha yake yote, huku akitishia kujichoma kisu asipomjibu. Mjomba anasikiliza nyuma ya mlango. Nimewasimulia watu wazima hadithi hii nikaona wakiinama, kwa sababu kila mmoja alimjua mtoto wa ndugu aliyelelewa hivyo katika nyumba fulani.

Lakini ukiniuliza jina moja tu, nitakujibu Caterina. Hadithi yake haitoki Napoli, inatoka Palermo, na nyuma yake kuna mwanamke ninayemheshimu sana. Giuseppe Pitrè alikuwa daktari wa Palermo, akizunguka kutibu wagonjwa na kukusanya hadithi za watu. Mwaka 1875 alichapisha ngano na masimulizi 300 ya Sisilia, na msimulizi wake mkuu alikuwa Agatuzza Messia, mama wa makamo ya juu aliyekuwa akishona mifarishi ya kujifunikia baridi. Hakujua kusoma. Alimbeba Pitrè mikononi alipokuwa mtoto, na Pitrè alipokua akarudi kwake na kalamu. Hadithi za wanaume jasiri Messia alizijua, ila zake zenye moto zaidi ni za wanawake.

Caterina wake anaitwa Caterina mwenye hekima. Ni binti wa mfanyabiashara tajiri. Mama yake anafariki, binti anajifungia kwa majonzi, na wazee wa mji wanamshauri baba amfungulie shule ili apate la kufanya. Caterina anafundisha bure yeyote anayetaka kujifunza, na anawakalisha tajiri na maskini bega kwa bega bila kuwabagua. Mwana wa mfalme anakuja kusoma, anashindwa kujibu swali, Caterina anamnasa kofi. Kijana hasahau. Anamwoa ili alipize kisasi, na usiku wa harusi anamuuliza kama anajutia lile kofi. Caterina anakataa kujuta. Mume anamshusha shimoni. Kila siku anakwenda kuuliza, na kila siku jibu ni lile lile. Caterina anawapasha habari watu wa kwao, wanachimba njia ya chini kwa chini hadi shimoni. Mume anaposafiri kwenda Napoli, Genova na Venezia, Caterina anatangulia kila mji, anajipamba na kukaa barazani mkabala na nyumba aliyofikia. Mume hamtambui, anampenda, anamwoa upya, na kila mji anaacha mtoto. Watoto wanaitwa Napoli, Genova na Venezia. Mwisho, mume anapotaka kuoa mke mwingine, Caterina anawaleta watoto watatu mbele yake, na mume hana la kufanya ila kufurahi kwamba ameshindwa.

Hebu fikiria binti yako akisimuliwa hivyo usiku, kisha akaambiwa: wewe ni Caterina. Waswahili Wakristo wanalijua jina hilo kama Katarina, kwa hiyo bibi hatafundishwa upya. Waitaliano watamkatia Rina, Nina, au Caterinella. Na mji wa baba yake umo ndani ya hadithi.

Kuna Petrosinella pia, Rapunzel wa Napoli, ambaye mama yake akiwa mjamzito alishikwa na hamu akaiba petrosino, lile jani la kiungo lililo jirani na dania, kutoka bustani ya jini la kike, na mtoto akazaliwa na alama ya jani hilo kifuani. Waitaliano mpaka leo huita alama ya kuzaliwa voglia, kwa maana ya hamu ya mama. Ukiwa sasa hivi unatamani embe bichi kwa chumvi na pilipili, hadithi hii ni yako. Msimulie mtoto, ila kwenye cheti usiandike jani la kiungo. Vivyo hivyo Fantaghirò, binti wa Toscana anayevaa nguo za jemadari na kwenda vitani. Waitaliano waliokua miaka ya 1990 wanamkumbuka kutoka televisheni, kwa hiyo mumeo atalipenda, lakini mtoto wa Malindi aitwaye Fanta ataishi na soda maisha yake yote ya shule.

Tukija kwa mvulana, Napoli ina Gennaro, na hadithi ya Jennariello katika Basile ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote za kitabu kile kwa mtoto wa kiume. Kaka yake, mfalme, ameona kunguru aliyekufa juu ya marumaru nyeupe, damu nyekundu, manyoya meusi, na akaapa kuoa mwanamke mwenye rangi hizo tatu, weupe wa ngozi, wekundu wa mashavu na weusi wa nywele. Jennariello anasafiri hadi Cairo kumtafutia, na anampata. Njiani anawasikia njiwa wakisema kwamba kipanga aliyemnunulia kaka atamtoboa kaka macho, farasi atamvunja shingo, na usiku wa harusi joka litawameza maharusi. Atakayeyasema haya atageuka jiwe. Jennariello anaua ndege, anamkata farasi miguu, anaingia chumbani na upanga kulikabili joka, na kaka yake anamhukumu kifo kwa usaliti. Ndipo anasema, na kadiri anavyosema anageuka marumaru kuanzia miguuni. Baadaye kaka anaambiwa kwamba damu ya watoto wake wawili ndiyo itakayomrudisha, na analipa gharama hiyo. Jennariello anafufuka, na kwa rehema watoto nao wanarudishiwa uhai. Ni hadithi nzito, lakini mtoto akishakua ataelewa undugu ni nini. San Gennaro ni msimamizi wa Napoli, sikukuu yake ni tarehe 19 Septemba, na watu hujaa kanisa kuu wakingoja damu yake iliyohifadhiwa kwenye chupa iyeyuke. Mavyaa hawezi kulikataa jina hilo.

Nicola ni jina la pili, kwa ajili ya Cola Pesce, Cola Samaki. Mtoto wa bahari huyo nawaona watu wa Malindi wakimwelewa kuliko Waitaliano wa milimani. Alishinda majini mpaka mama yake akamlaani ageuke samaki. Mfalme akiwa Messina alitupa kikombe baharini, Cola akakifuata na kurudi na habari kwamba Sisilia imesimama juu ya nguzo tatu, na moja imeliwa na moto. Alipozama mara ya mwisho hakurudi. Wasisilia husema yuko chini, bega lake limeshikilia kisiwa, na ardhi inapotetemeka ni yeye anabadilisha bega. Napoli nao wanamdai: katika mtaa wa Mezzocannone kuna sanamu ya ukutani ya mtu mwenye manyoya aliyeshika kisu, na wenyeji humwita Cola Samaki. Ila ujue kwamba Kenya Nicola hudhaniwa kuwa jina la kike. Italia ni la kiume, kama Andrea, Luca, Mattia na Elia, yote yanayoishia na a. Mkitaka kukwepa usumbufu, andikeni Nicolò, mkijua kwamba ile alama juu ya o itapotea kwenye kompyuta za Kenya.

Kwa Fortunato na Costantino sina haja ya kusema mengi. Costantino Fortunato ni kijana maskini anayeinuliwa na paka wake katika hadithi ya Straparola, iliyochapishwa Venezia miaka ya 1550, kabla paka huyo hajavalishwa buti na Mfaransa. Akina Fortunatus na Fortunata wamejaa parokia za Tanzania, kwa hiyo jina limeshazoea hali ya hewa ya kwetu. Giufà msimguse. Ni yule yule Juha wa Waarabu, ndugu wa Abunuwasi wetu, anayeng'oa mlango wa nyumba na kuondoka nao mgongoni kwa sababu mama alimwambia auvute akitoka. Tunamcheka kwa upendo, hatumwandiki chetini.

Aurora utalisikia sana. Liko miongoni mwa majina ya wasichana yanayopendwa zaidi Italia, na watu hulihusisha na Mrembo Alalaye, lakini halimo kwa Basile. Lilifika kwa njia ya Wafaransa na jukwaa la dansi. Ni jina zuri la alfajiri, ila shemeji akitaka ngano ya kwao, hilo si lake.

Limebaki la ofisi. Italia ina amri ya Rais namba 396 ya mwaka 2000 inayokataza mtoto kupewa jina la baba aliye hai, jina la ndugu aliye hai, au jina la kumfedhehesha. Ndiyo kusema, kama mumeo mwenyewe ni Gennaro, hilo limeondoka. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya Genova iliwakatalia wazazi kumwita mtoto Venerdì, Ijumaa, kwa sababu lingemkumbusha kila mtu mtumishi wa Robinson Crusoe, mtu wa chini. Kwetu Juma ni jina la heshima, lakini mahakimu walitazama hadithi iliyolibeba, na kwa hilo niko upande wao.

Mtoto akizaliwa Malindi, mtaanza na cheti cha Kenya, kisha nakala itapitia ubalozi wa Italia Nairobi iende kusajiliwa kwenye manispaa ya baba. Majina ya kupewa Italia yasizidi matatu. Yakitenganishwa kwa koma, hati zitaonyesha la kwanza peke yake. Yasipokuwa na koma, yote yanahesabiwa jina moja na lazima yaandikwe kila mahali, kuanzia pasipoti hadi namba ya kodi. Cheti cha Kenya hakina koma hiyo. Kwa hiyo mkiandika Caterina, kisha jina la bibi wa Ugiriamani, kisha ukoo wa baba, tarajieni hayo mawili ya kwanza yafuatane kwenye kila hati ya Italia, na hakikisheni ukoo ndio wa mwisho. Kaeni na mavyaa kwa simu kabla ya mwezi wa tatu muamue la pili litakuwa la bibi yupi, mkijua kwamba aliyekosa nafasi chetini bado ana lile la nyumbani. Na mkimwita Zezolla nyumbani, hilo halimhusu karani yeyote, wa Kilifi wala wa Napoli.